Waliouponya Udongo wa Kilambeni

Hapo zamani, na sisemi zamani za mazimwi, nasema zamani za juzi tu, wakati kila ofisi ya kilimo ilikuwa na ramani ukutani na hakuna aliyejua inaonyesha nini, palikuwa na kijiji milimani kiitwacho Kilambeni. Kilikuwa na mgongo mrefu wa ardhi, mteremko mkali upande wa machweo, na bonde dogo lenye chemchemi huko chini. Na kilikuwa na njaa.

Njaa yenyewe haikuletwa na ukame. Mvua ilinyesha. Watu walilima, walipanda, walipalilia. Mahindi yalichipua vizuri, yakafika magotini, kisha yakasimama hapo kama yamekatazwa. Majani yakaingia rangi ya zambarau kwenye kingo. Ukiung'oa mmea unakuta mizizi mifupi, minene, imejikunja kama vidole vya mtu aliyeungua. Shamba lililokuwa likitoa magunia kumi likatoa matatu, na mwaka uliofuata mawili.

Wanakilambeni walifanya nini? Walifanya kila kitu isipokuwa kuutazama udongo. Waliilaumu mbegu. Waliulaumu mwezi. Wakamlaumu Bibi Nanzia, mjane aliyeishi mwisho wa mgongo, kwa sababu shamba lake peke yake lilikuwa la kijani, na mwenye shamba la kijani katikati ya mashamba ya manjano atakuwa nini kama si mchawi? Shemeji zake waliliamini jambo hilo kwa bidii kuliko wote. Wakamnyang'anya nusu ya shamba, eti walitakase. Baada ya misimu miwili ile nusu waliyoichukua ikawa ya manjano kama mashamba yao mengine. Hawakujiuliza kwa nini. Kujiuliza ni kazi, na wao walikuwa watu wa kupumzika.

Wilaya nayo ikaleta dawa yake: mbolea ya dukani, ile nyeupe ya chumvichumvi, mifuko ileile, kipimo kilekile, mwaka hadi mwaka. Mahindi yakazidi kudumaa. Wilaya ikaongeza mbolea.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mwanamke, jina lake Namsifu, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu na ulimi usiojua kupunguza mwendo. Alichaguliwa kwa sababu wanaume wawili waliogombea walichukiana kiasi kwamba kila mmoja aliwaambia watu wake, bora mwanamke kuliko yule. Namsifu alilijua hilo. Tangu siku hiyo hakumheshimu mtu kwa sababu tu ya kiti alichokalia, na hata kiti chake mwenyewe alikikalia kwa dharau kidogo.

Sasa, mwaka huo alifariki Sekiete, mzee asiye na mtoto wala ndugu, akakiachia kijiji shamba lake la ekari tatu kando ya chemchemi. Lilikuwa shamba bora kuliko yote. Mkutano ulipoitishwa, wanaume sita walisimama kulidai. Mmoja alisema alikuwa akimsalimia marehemu kila asubuhi. Mwingine alisema mbuzi wake walilizoea lile shamba.

Namsifu akawaacha wamalize. Kisha akauliza, "Kati yenu sita, ni yupi ameufanyia udongo wa Kilambeni jambo lolote zaidi ya kuukanyaga?"

Mwenye mbuzi akawa wa kwanza kukaa.

"Basi shamba la Sekiete halitapewa mtu mpaka atokee wa kuturudishia ardhi yetu. Mtu mmoja. Na halitakatwa vipande, maana kukatakata mashamba ndiko kulikotufikisha hapa."

Watu wakanyoosha mikono, katibu akaandika, likawa limepita. Walinyoosha mikono upesi kwa sababu waliamini mtu wa namna hiyo hatatokea.

Wakatokea watatu.

Wa kwanza alikuwa Daktari Elirehema, mtaalamu wa udongo kutoka kituo cha utafiti mjini. Alikuja na gari jeupe, na viatu vya mpira vipya ambavyo karatasi ya bei ilikuwa bado imebandikwa kisiginoni. Alishuka, akasimama kando ya barabara, akamwelekeza dereva kwa kidole. Dereva akachota udongo hapa, akachota pale, makopo saba, yote ndani ya hatua mia moja kutoka mlango wa gari.

Namsifu alikuwa amesimama nyuma yao, mikono kiunoni.

"Daktari, na bonde je? Na mteremko?"

"Mama Mwenyekiti, ardhi ya eneo hili ni ya aina moja. Ipo kwenye ramani."

"Aliyeichora alifika hapa?"

"Ilichorwa kutokana na picha za ndege."

"Alaa," alisema Namsifu. "Basi huyo rubani alituona wadogo sana."

Daktari akatabasamu kama anavyotabasamu mtu aliyezoea kuvumilia wanavijiji, akapanda gari, akaondoka. Kijiji kilisimama kikitazama vumbi. Namsifu aliwaambia wazitazame vizuri nyayo za viatu vile, maana ndizo pekee walizoachiwa.

Lakini hapa msimcheke haraka kama alivyomcheka Namsifu. Miezi mitatu baadaye ilikuja barua. Daktari aliandika kwamba udongo wao una tindikali kali. Ndani yake mna madini yaliyokuwa yamelala, na tindikali imeyaamsha, nayo yanaunguza ncha za mizizi. Mbolea ile nyeupe ya wilaya, badala ya kuponya, inaongeza tindikali kila mwaka. Acheni kuitumia, aliandika. Mwageni chokaa ya shamba, tani moja kwa ekari, kijiji kizima. Nakala ya barua hiyo aliipeleka wilayani, na chini yake akaweka jina lake na sahihi yake.

Namsifu aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Ilimuudhi kukiri, lakini hakuna mtu aliyewahi kuwatajia ugonjwa wao kwa jina. Mizizi ile iliyojikunja alikuwa ameiona mwenyewe kwa miaka, ameishika mkononi, na hakuelewa anachokishika. Huyu wa makopo saba alikuwa ameelewa.

Malori ya chokaa yakaja kwa jitihada ya Daktari huyohuyo. Watu wakamwaga. Chokaa iliisha kabla ya kufika mteremkoni. Hiyo ilikuwa bahati ya mteremko, ingawa wenyewe walinung'unika.

Msimu ule ulikuwa wa kuchekesha kama hukuwa na njaa. Shamba moja mahindi yamefika begani, la jirani yake maharage yamepauka na kukauka. Kumbe ardhi ya Kilambeni haikuwa aina moja. Palikuwa na udongo mwekundu, na huo chokaa iliuponya. Palikuwa na wa kahawia, na mweusi wa bondeni, ambao haukuwa mgonjwa, na hiyo chokaa ya kumwagwa bila kuupima udongo ikauharibu. Waliopata wakamshukuru Mungu. Waliokosa wakamtukana Daktari, tena kwa sauti, kwa kuwa alikuwa mbali.

Daktari hakuja kuomba radhi. Alimtuma mtu.

Mtu huyo, wa pili katika hadithi yetu, aliitwa Fanuel. Alifika juu ya lori la kabichi. Alikuwa mfupi, mwenye magoti mabovu, na kwa miaka thelathini alikuwa akichimba mashimo ya utafiti kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Alibeba chuma kirefu kilichosokotwa kama parafujo, cha kutobolea ardhi, na kijitabu chenye vipande vya rangi za udongo, kuanzia manjano hadi nyeusi. Kijiji hakikuwa na nyumba ya wageni, kwa hiyo akafikia kwa Namsifu.

"Umetumwa kufanya nini, Fundi?" Namsifu alimuuliza alipomwekea chakula.

"Kuchora ramani, Mama. Kila udongo na mpaka wake. Mashimo sitini na manne."

"Na Daktari mwenyewe?"

"Daktari anayasoma mashimo. Mimi ndiye ninayeyachimba."

Na akayachimba kweli. Namsifu alimfuata siku za mwanzo akitafuta la kusema, asilione. Fanuel aliingia shimoni mpaka kifuani. Aliukwangua ukuta wa shimo kwa kisu, tabaka kwa tabaka. Alichukua udongo, akautemea mate, akaufinyanga katikati ya vidole mpaka ukawa utepe, akapima utepe ulifika wapi kabla ya kukatika. Aliufananisha na rangi za kijitabu. Aliandika. Kisha akalifukia shimo, akapigilia kigingi chenye namba, akasogea. Siku moja alikuta nyoka ndani ya shimo la jana, akamngoja atoke kwa hiari yake, halafu akaingia. Wiki saba zikapita hivyo. Mashimo hamsini na manne.

Kisha mvua ikaanza, na kilichobaki kilikuwa mteremko.

Siku ya kwanza ya mvua Fanuel alikaa mezani kwa Namsifu, magoti kayafunga kwa kitambaa, akiandika. Siku ya pili akaandika. Siku ya tatu Namsifu alimwekea chai na karanga akasema, "Fundi, leo tena huendi?"

"Leo naandika, Mama."

"Unaandika mashimo yapi?"

Fanuel aliitazama chai. "Ya mteremkoni. Mteremko ni mgongo uleule, ila umeinama tu."

Namsifu alielewa. Hakuwa mjinga, na ulimi wake wote ule ulikuwapo mdomoni. Lakini mtu huyu alikuwa amemzoea, magoti yake yalikuwa yamevimba kama maboga, na lori la kabichi lilikuwa likiondoka Ijumaa. Akammiminia chai nyingine.

Ramani ilirudi kutoka mjini ikiwa nzuri ajabu, rangi tatu, mipaka imepindapinda kama mito. Chini yake palikuwa na jina moja: Daktari Elirehema. Namsifu aliigeuza akatazama hata nyuma. Jina la Fanuel halikuwapo.

Msimu huo watu waliifuata ramani. Penye nyekundu wakaweka chokaa tani nzima. Penye kahawia wakaweka kidogo. Bondeni hawakuweka kitu. Mgongoni yakavunwa magunia tisa, kumi, hata kumi na mawili. Watu walionenepa kwa muda mfupi sana wakaanza kusema walijua tangu zamani kwamba tatizo lilikuwa tindikali.

Mteremkoni kulikuwa na kaya sita. Ramani ilisema mteremko ni mwekundu. Wakaweka tani nzima, na safari hii chokaa ilitosha. Udongo wa huko ulikuwa mwembamba, wa kichanga, usio na tindikali ya kutisha hata kidogo. Mahindi yakatoka yana mistari myeupe, yakakauka yakiwa urefu wa mkono. Watu waliokuwa wakipata magunia manne kwa shida wakakosa hata la kuanzia. Kaanaeli, wa mojawapo ya kaya hizo sita, alifunga mlango wa nyumba yake kwa waya, akashuka na mkewe na watoto watatu kwenda kukata miwa kwenye mashamba ya tambarare.

Namsifu aliwasindikiza hadi barabarani akiwa amewabebea sufuria. Siku hiyo hakuwa na la kejeli. Mke wa Kaanaeli alipomuuliza, "Mama, hii ramani waliipima kweli?" alijibu, "Waliipima," na akaigeukia barabara.

Kesho yake alipanda mteremkoni peke yake. Hakujua anakwenda kufanya nini. Huko alimkuta Bibi Nanzia amechuchumaa katika shamba la Kaanaeli, na udongo mdomoni.

"Shikamoo, Bibi."

Nanzia alitema, akajifuta. "Marahaba."

"Unakula udongo?"

"Nauonja. Ule wa mgongoni ulikuwa ukikwaruza ulimi kama embe bichi. Huu hauna ladha. Hauna ugonjwa huu, Namsifu. Una umaskini tu. Ulitaka samadi, na mistari ya nyasi za mabingobingo ya kuuzuia usikimbie na maji. Mmeupa chokaa kama kumpa mwenye njaa dawa ya minyoo."

"Ramani inasema ni mwekundu."

"Ramani haikufika huku. Nimetafuta vigingi vyake kila mahali, sijaona hata kimoja."

Namsifu akakaa chini. Kisha akauliza alichopaswa kuuliza miaka mingi nyuma. "Bibi, hayo ya kuonja umeyajua tangu lini?"

"Tangu jiko langu lilipoungua. Msimu uliofuata, mahali jivu lilipoangukia, mahindi yalinipita kichwa. Nikaonja pale, nikaonja kando. Nikajua. Mwaka wa kumi na mbili huu."

"Jivu," alisema Namsifu polepole.

"Jivu."

"Yale majivu uliyokuwa ukipita kuomba nyumba kwa nyumba kila asubuhi. Ya kutengenezea sabuni."

"Wewe uliwahi kuiona sabuni yangu?"

Namsifu hakuwahi. Hakuna aliyewahi. Kwa miaka tisa alikuwa akilizoa jivu la jiko lake mwenyewe, analiweka kwenye debe, anamtwisha Bibi Nanzia na kumshukuru kwa kumwondolea uchafu. Kijiji kizima kilifanya hivyo. Kijiji kizima kilikuwa kikimbebesha dawa mtu mmoja, kisha kinarudi shambani kulia.

"Watoto wamelala njaa humu, Bibi."

"Watoto wa walioniita mchawi."

"Ungesema."

"Ningesema nini? Kwamba jivu linaponya shamba? Mngeniuliza ni jivu la maiti gani. Nusu ya shamba langu ilichukuliwa kwa kuwa la kijani tu. Ningefungua mdomo wangechukua nini?"

Namsifu aliokota kijiti, akakichomeka ardhini mbele yake.

"Basi nisaidie sasa," alisema.

Bibi Nanzia hakukataa. Labda kwa sababu ya Kaanaeli. Mkewe alikuwa mmoja wa wachache waliomsalimia. Kwa asubuhi mbili aliutembea mteremko wote pekupeku, anaonja, anatema, anaonyesha kwa kidole, na Namsifu anachomeka vijiti. Hapa samadi. Hapa mabingobingo. Hapa, penye mkanda huu mwembamba, mwekundu wa kweli, wekeni chokaa yenu. Na msimu uliofuata mteremko ukavuna, kaya tano. Ya sita ilikuwa kwenye miwa. Walipelekewa habari warudi, jibu halikuja.

Basi ardhi ya Kilambeni ikawa imerudi, mgongo, bonde na mteremko, na ilibidi ahadi itimizwe. Mkutano ukaitishwa. Barua ikaenda mjini.

Fanuel alifika na lori lake la kabichi. Bibi Nanzia alitoka nyumbani kwake, na kwa mara ya kwanza watu wakampisha benchi. Daktari Elirehema alifika kwa miguu kutoka njia panda, mwendo wa saa mbili, shati limemganda mgongoni. Gari jeupe hakuwa nalo tena. Wilaya haikuipenda ile nakala ya barua iliyosema mbolea yao inaua mashamba. Walilalamika juu, na wa juu wakamwondoa katika kituo, wakampa ofisi isiyo na maabara, kisha wakampa barua ya kustaafu kabla ya wakati. Wanakilambeni walipomwona na vumbi hadi magotini, wengine walicheka. Ni walewale wenye magunia kumi na mawili.

Daktari akasimama wa kwanza.

"Ndugu zangu, shamba ni langu. Mlikuwa na mizizi iliyoungua, hamkujua inaunguzwa na nini. Nani aliwaambia? Mlikuwa mkimwaga sumu kila mwaka mkiita mbolea. Nani aliwakataza? Kuyasoma yale makopo saba kulinichukua miaka kumi na mmoja ya shule, na kuyasema kumenigharimu kazi. Bila neno langu Fundi asingekuja, na Bibi asingetoka kwake. Sina kiinua mgongo cha maana. Nataka kulima."

"Daktari," alisema mzee mmoja wa bondeni, "tani yako moja ya kijiji kizima iliniua maharage."

"Nilikosea."

"Na ramani uliweka jina lako peke yako."

Daktari alimtazama Fanuel, kisha akatazama chini. "Niliweka," alisema.

Fanuel akasimama, akashika goti.

"Shamba ni langu. Daktari aliwatajia ugonjwa, lakini dawa yake iliponya mmoja ikamuua jirani. Ni nani aliyetenganisha mgonjwa na mzima? Hamsini na manne nimechimba kwa mikono hii. Kila gunia lililotoka mgongoni limetoka kwenye mstari nilioupita. Nimepima ardhi za watu miaka thelathini, na mimi sina hata mahali pa kuzikwa."

"Mashimo yalikuwa sitini na manne," alisema Bibi Nanzia akiwa amekaa.

Fanuel aliliachia goti. "Kumi sikuchimba," alisema. "Niliyaandika mezani."

Manung'uniko yakapanda. Mtu akapaza sauti kwamba Kaanaeli anakata miwa kwa sababu ya meza hiyo. Fanuel hakusema ilikuwa meza ya nani. Namsifu, aliyekuwa amekaa mbele ya wote na jembe la kukabidhia shamba mapajani, alimsubiri aseme. Hakusema. Ukimya wa yule mtu ulimuuma kuliko tusi lolote ambalo angetukanwa. Na hata hivyo hakusimama kujitaja. Wala tusimpambe.

Bibi Nanzia alisimama wa mwisho.

"Shamba ni langu. Hawa wameujua udongo wenu kwa makopo na kwa chuma. Mimi naujua kwa ulimi, na niliujua kabla yao wote. Daktari alikosea, Fundi alidanganya. Mimi kwenye udongo sijakosea hata hatua moja. Mteremko niliuponya kwa asubuhi mbili bila karatasi, bila jina langu kuandikwa popote. Na nusu ya shamba langu mliila."

"Bibi," alisema mke wa katibu, "miaka tisa ulichukua majivu yangu. Mwanangu alikuwa anakula mara moja kwa siku. Ungeniambia mimi tu, kwa siri."

"Wewe ndiye ulikuwa ukitema mate nikipita," alijibu Bibi Nanzia.

Mwanamke yule akakaa.

Kutoka nyuma mtu akasema shamba apewe Kaanaeli. Wengine wakaitikia upesi, kwa kuwa ni rahisi kumpa mtu asiyekuwapo. Namsifu akawakata. "Tuliahidi aliyeuponya udongo. Kaanaeli aliumizwa, hakuponya. Tukianza kuwapa walioumizwa na sisi, shamba hili litatosha?" Mwingine akasema wagawane, kila mtu ekari. Namsifu akamwambia asome alichokinyooshea mkono, na tena chemchemi ni moja.

Masika yalikuwa wiki mbili mbele na ekari tatu zilikuwa hazijaguswa na jembe. Namsifu aliwatazama: msomi aliyeyataja maradhi akatoa dawa bila kumwona mgonjwa, fundi aliyefanya kazi ya kweli ya miezi miwili akaiuza kwa siku tatu za mvua, mama aliyejua yote akayafunika kwa jivu. Alitamani kuwadharau, mdomo wake ulikuwa tayari. Lakini kila alipomfikia mmoja, alikuta kuna gunia la mahindi nyumbani kwake ambalo lisingekuwapo bila mtu huyo. Na alikuta kuna mlango uliofungwa kwa waya ambao kila mmoja wao aliushika, na mkono wake mwenyewe pia ulikuwa pale.

Akainuka na jembe.

Mimi naishia hapo, maana hayo aliyoyasema Namsifu yaligombanisha Kilambeni mpaka leo, na sitaki kuwagombanisha ninyi kwa maneno yake. Gombaneni kwa yenu. Ninyi mliokula mkashiba, mnaocheka tangu nilipoanza: jembe liko mkononi mwenu, ardhi ni ile moja, mtu ni mmoja, na mvua haisubiri. Kati ya aliyeutaja ugonjwa, aliyeuchorea mipaka, na aliyeujua siku zote, je, nani alistahili shamba la Sekiete?